John Riggs: aling'oa jino bila maumivu, kisha akapigania fizi za wagonjwa

Kwa miaka mingi waganga wa meno wa Marekani waliuita ugonjwa wa fizi kwa jina la mwenzao mmoja. Waliuita ugonjwa wa Riggs. John Mankey Riggs, mganga wa meno wa mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, alifariki mwaka 1885, wakati aspirini, parasetamoli na ibuprofeni hazijafika bado sokoni. Lakini maisha yake yanagusa swali ambalo watu wengi wa Bukavu, Goma, Uvira au Bunia wanajiuliza wanapotoka farmasi na vidonge mkononi: maumivu ya fizi yakitulia, je, ugonjwa umepona?

Riggs aliliona swali hilo pande zote mbili. Mwaka 1844 yeye ndiye aliyeshika koleo katika jaribio lililofungulia wagonjwa njia ya kutibiwa bila maumivu. Miaka iliyofuata aliitumia kuonyesha kwamba meno mengi yanayong'olewa yangeweza kubaki kinywani, kama fizi zingesafishwa mapema.

Mwalimu aliyeingia katika kazi ya meno

Riggs alizaliwa tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka 1811 huko Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Alisoma katika chuo cha Hartford ambacho leo kinaitwa Trinity College, akafundisha shule kwa muda, kisha akageukia kazi ya meno.

Wakati ule hapakuwa na njia moja ya kuwa mganga wa meno. Chuo cha kwanza cha kufundisha kazi hiyo kilifunguliwa katika mji wa Baltimore mwaka 1840. Wengi walijifunza kwa kukaa karibu na mwenye ujuzi, kama kijana anavyojifunza useremala au ushonaji kwa fundi wake. Aliyemfundisha Riggs alikuwa Horace Wells, mganga wa meno wa Hartford, ambaye kwa umri alikuwa mdogo wa Riggs kwa zaidi ya miaka mitatu. Wells alikuwa mtu wa akili nyepesi na mikono mizuri, na mwaka 1838 alikuwa ameshachapisha kitabu kidogo juu ya meno na namna ya kuyatunza.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kwa mganga na kwa mgonjwa. Kung'oa jino kulifanywa mtu akiwa macho, akishikwa kwenye kiti. Wengine walikunywa pombe kali au dawa ya afyuni kabla ya kuingia. Wengi walivumilia jino bovu kwa miezi kwa sababu waliliogopa koleo kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku ya gesi

Jioni ya tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1844, mtu aitwaye Gardner Colton alifanya maonyesho mjini Hartford. Alikuwa akiwavutisha watu gesi ya protoksidi ya azoti, ambayo wengi waliiita gesi ya kuchekesha, na watazamaji walilipa ili kuona namna wanavyocheka na kuyumbayumba. Wells alikuwa ukumbini. Aliona kijana mmoja, Samuel Cooley, akijigonga na kuumia mguu huku akiwa amelewa gesi. Cooley alirudi kuketi bila kujua kwamba ameumia.

Wells alielewa mara moja maana ya jambo hilo kwa kazi yake. Usiku uleule alizungumza na Riggs, na kesho yake, tarehe 11, walikutana katika ofisi ya Wells. Wells aliamua kujijaribu yeye mwenyewe. Alikuwa na gego lililokuwa likimsumbua. Colton alileta mfuko wa gesi, Wells akaivuta mpaka kichwa chake kikalegea, na Riggs akaling'oa gego.

Katika maelezo aliyoyaacha baadaye, Riggs alieleza kwamba waliokuwepo walisimama karibu na mlango ulioachwa wazi, tayari kukimbia kama Wells angeamka na vurugu. Walijua pia kwamba angeweza asiamke kabisa, maana hakuna mtu kati yao aliyekuwa amewahi kuona gesi nyingi namna hiyo ikitumiwa. Wells aliamka salama na kusema kwamba hakusikia maumivu. Majuma yaliyofuata, waganga hao wawili waliitumia gesi kwa wagonjwa wengine wa Hartford.

Wells aanguka, Riggs abaki na wagonjwa

Mwezi wa kwanza mwaka 1845 Wells alisafiri mpaka Boston ili kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari ugunduzi wake. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno, mgonjwa akalia wakati jino lilipong'olewa, na watazamaji wakamzomea Wells kama mdanganyifu. Alirudi Hartford akiwa amevunjika moyo. Katika mwaka huohuo aliacha kazi, na wagonjwa wake akawaelekeza kwa Riggs.

Tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 1846, William Morton, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi na mshirika wa Wells, alitumia eteri katika hospitali kubwa ya Boston mbele ya madaktari wapasuaji. Jaribio hilo lilifaulu, na sifa ikamwendea Morton. Wells alianza kujijaribisha kloroformu mpaka ikamvuruga akili. Mwezi wa kwanza mwaka 1848 alikamatwa mjini New York, na siku chache baada ya kutimiza miaka 33 alijitoa uhai gerezani.

Riggs hakumsahau mwalimu wake. Alitoa ushuhuda mara nyingi juu ya siku ile ya mwaka 1844, akishikilia kwamba heshima ya ugunduzi ni ya Wells. Chama cha waganga wa meno cha Marekani kilikubali jambo hilo mwaka 1864, na mwaka 1875 sanamu ya Wells ilisimamishwa katika bustani ya Bushnell mjini Hartford.

Meno yang'olewa kwa wingi

Mafanikio ya gesi na eteri yalileta hali ambayo Wells hakuiona. Zamani woga wa maumivu uliwazuia watu kung'oa meno ovyo. Woga huo ulipopungua, kung'oa kukawa biashara. Mwaka 1863 Colton alianzisha mjini New York kituo kilichoshughulika na kung'oa meno kwa gesi tu, na watu kwa maelfu walipitia hapo. Wakati huohuo mpira uliogandishwa kwa moto ulianza kutumika kama kitako cha meno ya bandia, na bei yake ikashuka. Mtu mwenye fizi zinazovuja damu na meno yanayotikisika aliweza kuingia, kulazwa kwa gesi, na kutoka bila jino hata moja, akisubiri kutengenezewa mengine.

Waganga wengi hawakuona ubaya. Kwao ugonjwa wa fizi haukuwa na dawa. Wengine waliamini kwamba unatoka ndani ya mwili mzima, katika damu mbaya au uzee, hivyo mganga wa meno hawezi kufanya lolote kinywani. Wengine walikata kingo za fizi zilizovimba, jambo lililomwachia mgonjwa majeraha na meno yenye mizizi wazi.

Riggs aliona tofauti. Mtu aliyekuwa wa kwanza kung'oa jino kwa gesi hiyo akawa mpinzani wa kung'oa kusikokuwa na sababu.

Ukoga chini ya ufizi

Katika kazi yake ya kila siku, Riggs alichunguza kwa makini mahali ambapo jino linakutana na ufizi. Pale alikuta ukoga, ule uchafu unaoganda juu ya jino mpaka unakuwa mgumu kama jiwe. Sehemu inayoonekana ilikuwa ndogo. Sehemu kubwa ilijificha chini ya ufizi, ikishikamana na mzizi.

Kwa maelezo yake, ukoga huo unakwaruza ufizi bila kupumzika. Kwanza ukingo wa ufizi unakuwa mwekundu na unatoka damu. Kisha uvimbe unashuka, usaha unaanza kutoka, na mfupa wa taya unaolishika jino unaliwa kidogo kidogo. Mwisho jino linalegea, hata kama lenyewe halina tundu lolote.

Tiba yake ilifuata wazo hilo. Alitumia vyuma vidogo vyenye ncha zilizopindwa, akaviingiza chini ya ufizi, akakwangua ukoga mpaka kwenye mfupa, kisha akasugua jino ili libaki laini. Hakukata ufizi. Baada ya hapo alimfundisha mgonjwa kusafisha kinywa chake kila siku, kwa kuwa ukoga unarudi kama haukuzuiliwa. Fizi zilinywea, damu ikaacha, na meno mengi yaliyokuwa yakilegea yakakaza.

Hakuificha njia hiyo. Alihudhuria mikutano ya waganga wa meno na kuwatibu wagonjwa mbele ya wenzake ili waone kwa macho yao. Mwaka 1876 maelezo yake juu ya kuvimba kwa fizi na kupotea kwa mfupa wa taya yalichapishwa katika jarida la waganga wa meno wa Pennsylvania. Mwaka 1881 aliyapeleka London, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari. Wengine walimpinga, wakisema kwamba kukwangua meno peke yake hakuwezi kuponya ugonjwa mzito namna hiyo. Lakini jina lake lilikuwa limeshashikamana na ugonjwa wenyewe.

Riggs alifariki Hartford tarehe 11 mwezi wa kumi na moja mwaka 1885, akiwa na miaka 74.

Alichokosea na alichopatia

Riggs hakujua kila kitu. Alidhani ukoga unaumiza kwa ugumu wake tu. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kikubwa juu ya vijidudu vya kinywani, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba vijidudu vinavyokaa juu ya meno ndivyo vinavyowasha moto katika fizi. Ukoga ni nyumba yao. Kwa hiyo mkono wa Riggs ulikuwa unafanya kazi sahihi, ingawa sababu aliyoitaja haikuwa kamili.

Uthibitisho mkubwa ulikuja mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Mtafiti Harald Løe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walipata uvimbe wa fizi. Waliporudia kupiga mswaki na kusafisha katikati ya meno, fizi zao zilipona baada ya siku chache. Hawakuhitaji kidonge chochote.

Jimbo la Riggs nalo liliendelea na kazi hiyo. Mwaka 1906, mjini Bridgeport, mganga Alfred Fones alianza kumfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 alifungua shule ya kufundisha wanawake wengine kazi hiyo. Leo ni kazi inayojulikana katika nchi nyingi.

Vidonge vilikuja baadaye

Aspirini ilitoka katika kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Parasetamoli ilienea madukani katika miaka ya 1950, na ibuprofeni ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969. Kile ambacho Wells alikitafuta katika mfuko wa gesi, leo mtu anakipata katika kipande cha vidonge kwa pesa kidogo.

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha namna aspirini na dawa za jamaa yake zinavyofanya kazi. Zinauzuia mwili kutengeneza prostaglandini, vitu vinavyoleta maumivu, joto na uvimbe. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Hapo ndipo dawa za maumivu zinapokutana na ugonjwa wa Riggs. Prostaglandini hizohizo zinapatikana kwa wingi katika fizi zilizovimba, na zinasaidia kuula mfupa wa taya. Watafiti wakajiuliza kama dawa za kundi hilo zingeweza kuokoa meno. Katika miaka ya 1980 timu ya Marekani iliwapa wagonjwa wa fizi dawa ya flurbiprofeni kwa muda mrefu. Mfupa ulipungua kwa mwendo wa polepole zaidi. Dawa ilipoachwa, mfupa ukarudia mwendo wake wa zamani. Vijidudu vilikuwa bado mahali pao, na kumeza dawa hizo kwa miaka kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Kwa sababu hiyo hazikuwa tiba ya kawaida ya fizi.

Hatari iko kimya

Ugonjwa wa fizi hauumi sana kwa muda mrefu. Unaweza kula mfupa kwa miaka huku mtu akiona damu kidogo tu kwenye mswaki. Maumivu makali mara nyingi yanakuja wakati usaha umejikusanya. Mtu anakwenda farmasi, ananunua ibuprofeni au diklofenaki, maumivu yanatulia siku mbili au tatu, naye anaona mambo yamekwisha. Wakati huo ugonjwa unaendelea chini ya ufizi. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata watu zaidi ya bilioni moja duniani.

Dawa za maumivu zenyewe si adui. Zinasaidia mtu kulala na kungojea matibabu. Lakini kuna mambo ambayo kila nyumba inapaswa kuyajua.

Aspirini inapunguza uwezo wa damu kuganda. Fizi ambazo tayari ni gonjwa zinaweza kutoka damu zaidi kwa mtu anayeimeza. Anayeitumia kwa amri ya daktari, kwa mfano kwa ajili ya moyo, asiiache mwenyewe. Amwambie mganga wa meno kabla ya kutibiwa.

Kidonge cha aspirini hakiwekwi juu ya ufizi wala ndani ya jino. Wengi wamefanya hivyo wakidhani dawa itafika karibu na maumivu. Matokeo yake ni ufizi kuungua na kuwa mweupe, na maumivu kuongezeka.

Parasetamoli inatuliza maumivu na homa, lakini haina nguvu kubwa juu ya uvimbe. Ikizidishwa inaharibu ini. Ibuprofeni na diklofenaki hazimfai mtu mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala mama mjamzito bila ushauri wa daktari, hasa katika miezi ya mwisho. Watoto wasipewe aspirini bila daktari kuiandika.

Anayeona damu kila anapopiga mswaki, harufu mbaya isiyoisha, fizi zinazorudi nyuma au jino linalotikisika, aende kwa mganga wa meno hata kama hasikii maumivu. Mwenye ugonjwa wa sukari aende mapema zaidi, kwa kuwa magonjwa hayo mawili yanazidishana. Uso ukivimba, homa ikipanda, au kinywa kikikataa kufunguka, hiyo ni dharura ya hospitali, na kidonge kisimcheleweshe mgonjwa.

Pale ambapo mganga wa meno yuko mbali, hatua ya kwanza iko nyumbani: mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floridi, kupitisha uzi safi katikati ya meno, na kuacha tumbaku. Kupiga mswaki hakuondoi ukoga ambao umeshakuwa jiwe. Huo unahitaji mkono wa mganga na vyuma vyake, kama vile Riggs alivyokuwa akifanya Hartford. Leo waganga hawautaji tena ugonjwa huo kwa jina lake, lakini kusafisha chini ya ufizi na kumfundisha mgonjwa usafi wa kila siku bado ndiyo matibabu ya kwanza wanayompa.